Mwandishi wa muziki Likasi afungue barua

Katika magazeti yetu ya Kiswahili, mwandishi wa muziki na mshauri wa mambo ya nyumbani hawakai meza moja. Wa kwanza huenda ukumbini usiku, akarudi na habari za bendi mpya, za waimbaji waliogombana, za albamu inayosubiriwa. Wa pili hufungua barua. Katika Taifa Leo la Nairobi anaitwa Shangazi, kwingine ni Anti au Dada fulani, na kwetu Kongo tungemwita Tantine. Kazi yake ni kumjibu mke aliyekuta ujumbe katika simu ya mumewe, au kijana aliyetajiwa mahari asiyoiweza. Kurasa zao hazijuani. Ninaamini kwamba kwa mji kama Likasi utengano huo umetunyima kitu kikubwa, na kwamba mhariri atakayempa mtu mmoja kazi zote mbili, na kumlipa ipasavyo, atakuwa na ukurasa bora wa muziki kuliko wowote tulionao Katanga.

Sababu yangu inaanzia kwenye nyimbo zenyewe. Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, katika nchi ya Wayeke. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipokutana na Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodia. Ilikuwa mwaka 1952, hapa hapa Likasi, wakati mji ukiitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji wa kampuni ya madini ya Union Minière. Wimbo wa "Masanga" ulitoka katika rekodi hizo, ukaingia kwenye santuri, ukaenea Afrika Mashariki nzima. Kufikia mwisho wa muongo ule Mwenda alikuwa amekwenda kukaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wa kizazi kile walimsikiliza kama wanafunzi. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990.

Walioandika juu yake kwa kina walitoka mbali. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alichambua upigaji wake nota kwa nota katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1970 ili ajifunze kwa Mwenda na wenzake, na shajara ya safari hiyo ikachapishwa mwaka 1982. Nawashukuru wote wawili, kwa kuwa bila wao tungebaki na uvumi. Lakini swali lililowaleta lilikuwa la vidole: jinsi gumba linavyoshika besi huku kidole cha shahada kikiimba juu yake, hata msikilizaji akadhani magitaa ni mawili. Mwanamke wa kambi ya Panda aliyesikia "Kijana Muke" au "Mama na Mwana" kwenye gramafoni ya jirani alikuwa na swali jingine. Alitaka kujua wimbo huu unamsema nani, na yeye afanye nini kesho asubuhi. Swali lake halikupata mwandishi.

Na lilikuwa swali zito, kwa sababu mji huu ulijengwa na watu walioacha shangazi zao nyuma. Hapo mwanzo Union Minière ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi na kuwarudisha kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iligeuza mwendo: waje na wake zao, wazae hapa, watoto wasome shule za kampuni na wawe wafanyakazi wa kesho. Nyumba zikajengwa, mgao wa unga ukapangwa, zahanati zikafunguliwa. Kilichokosekana katika kambi zile ni bibi wa kumfunda msichana na mjomba wa kumkanya kijana. Msanga, Mluba, Mbemba na Mlunda walijikuta ukuta kwa ukuta, kila mmoja na desturi yake ya ndoa, na wazee wa desturi hizo wako mbali.

Sasa tukumbuke wazee wale walifundaje. Kwa Wabemba, msichana aliwekwa mikononi mwa nachimbusa, na mafundisho yaliimbwa. Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyeshuhudia chisungu, sherehe hiyo ya kumfunda msichana, ng'ambo ya mpaka wetu mwaka 1931 na kutoa kitabu chake mwaka 1956, alikuta kila chombo na kila sanamu ya udongo ina wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba onyo. Msomaji wa Pwani hashangai hapa. Somo na kungwi hawamhutubii mwali. Wanamwimbia, na ngoma ya unyago ikimalizika msichana anajua mambo ambayo mama yake angeona haya kuyatamka. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Jadotville aliyeimba juu ya ndoa, watoto, fedha na pombe aliikuta kazi ya zamani haina mtu. Aliichukua kwa gitaa, kwa Kiswahili cha kambini ambacho makabila yote yalikielewa, na watu wakampokea kama mshauri kabla hawajampokea kama msanii.

Kampuni nayo iliona pengo, ikaliziba kwa namna yake. Katika foyer social wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Mwaka 1957 likazaliwa Mwana Shaba, gazeti la Union Minière lililoendelea baadaye chini ya Gécamines, kampuni iliyoirithi, likipeleka majumbani habari za kazi, michezo na mawaidha ya maisha mema. Mengi katika mawaidha hayo yalikuwa sahihi. Ila mshauri alikuwa mwajiri, na mwajiri huulizwa maswali machache. Mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa hamwandikii bosi wake kwamba mshahara unaishia kwa mwanamke mwingine huko Kikula.

Kulikuwa na njia nyingine, na ilianzia karibu nasi. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyejulikana duniani kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu cha mwaka 1945, alipelekwa Musonoi, karibu na Kolwezi, mwaka 1953. Pale alianza kukaa na wanandoa wa migodini na kusikiliza. Likatoka vuguvugu la Jamaa, ambamo mume na mke waliitwa baba na mama, wakaketi pamoja na wenzao wakiyazungumza maisha yao kwa Kiswahili. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeisoma Jamaa kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1978 makala ambayo kila mwandishi wa muziki wa Katanga angepaswa kuwa nayo mezani. Ndani yake aliweka pamoja nyimbo za burudani, mafundisho ya Jamaa na picha za wachoraji wa mitaani, akaonyesha kwamba zote zinahangaika na jambo moja, yaani mwanamume na mwanamke wa mjini waishije. Mtu mmoja wa nje aliona kwamba baa, kanisa na ukuta wa sebuleni vinajadiliana. Magazeti yetu bado yanaviweka katika kurasa tatu tofauti.

Ukivuka mpaka kuelekea kusini, historia ilikwenda tofauti kidogo. Redio ya Lusaka ilianza kutangaza kwa lugha za Waafrika, na mwaka 1949 ikaingia sokoni redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, kwa bei ya pauni 5, ili hata mfanyakazi wa mgodini aweze kuwa nayo. Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika kituo hicho, alisimulia katika kitabu chake Wayaleshi cha mwaka 1959 jinsi wasikilizaji walivyoichukulia redio kama mtu wa kuongea naye, na jinsi barua zao zilivyoingia.

Ndani ya kituo hicho alifanya kazi Alick Nkhata, na huyu ndiye ninayetaka vijana wa Likasi wamjue. Alikuwa mwalimu, kisha akafuatana na Hugh Tracey katika safari za kurekodi, kisha akaingia redioni. Alizunguka akikusanya nyimbo, akazitangaza, akaeleza zinatoka wapi, na yeye mwenyewe akaimba juu ya wanaume na wanawake wa miji ya shaba: mume anayesahau kwao, bibi anayependa vitu, kijana anayepotea mjini. Ndani ya mtu mmoja kulikuwa na mwandishi wa muziki, mtangazaji na mshauri, na hakuna aliyemwambia achague. Alifanya hivyo kwa mshahara wa kila mwezi, kama kazi ya maisha. Aliuawa mwaka 1978, jeshi la Rhodesia lilipoishambulia Zambia. Sisi tulikuwa na Mwenda, ambaye kwa gitaa hakuwa na mpinzani, lakini hapakuwa na ofisi Likasi iliyomwambia mtu yeyote: shika mtambo huu, zunguka, rekodi, eleza, jibu.

Lusaka ile ile ilitoa jambo jingine. Gazeti la African Mail, lililoanzishwa mwaka 1960, lilikuwa na safu ya mshauri aliyeitwa Josephine, na Barbara Hall alikusanya barua za safu hiyo katika kitabu, Tell Me, Josephine, kilichotoka mwaka 1964. Ukizisoma barua zile unaona mji mzima uchi. Vijana wanauliza juu ya mahari, juu ya ndugu wanaokuja kukaa bila kuondoka, juu ya msichana wa kabila jingine ambaye wazee hawamtaki. Ni maswali yale yale yaliyokuwa yakiimbwa upande wetu wa mpaka, katika mshahara ule ule wa shaba, miaka ile ile. Wao waliyaandika na kuyajibu gazetini, sisi tukayaimba na kuyacheza. Kama mtu mmoja angekuwa na barua za Josephine mkono mmoja na santuri za Mwenda mkono wa pili, tungekuwa leo na historia ya ndoa za Copperbelt ambayo chuo kikuu chochote kingeitamani.

Huko Johannesburg walikaribia zaidi. Gazeti la Drum lilikuwa na Todd Matshikiza, aliyeandika juu ya jazz kwa sentensi zenye mdundo hata wenzake wakaupa mtindo huo jina lake, na ambaye alimaliza maisha yake Lusaka mwaka 1968. Gazeti hilo hilo lilikuwa na safu ya ushauri wa mapenzi iliyobeba jina la mwimbaji, Dolly Rathebe, ingawa majibu yaliandikwa na waandishi wanaume wa ofisini. Ujanja ule sikubaliani nao, kwa sababu msichana anayefungua moyo wake ana haki ya kujua anafungua kwa nani. Ila wahariri wa Drum walikuwa wamegundua ukweli mmoja: msomaji akiwa na shida ya moyo, jina la kwanza linalomjia ni la mtu anayeimba.

Na sisi wa Kiswahili tunao mfano wa kalamu moja iliyofanya yote mawili bila ujanja. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke aliyetoka kijijini Fumba, akaimba taarabu kwa Kiswahili, akarekodi Bombay mwaka 1928, na akazigeuza kesi na dhuluma za Zanzibar kuwa nyimbo. Mwandishi huyo huyo ndiye aliyemwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili, tenzi za mzazi anayemwelekeza mtoto. Wanafunzi wetu husoma vitabu hivyo kana kwamba viliandikwa na watu wawili. Mimi naona mkono mmoja. Aliyeweza kumwambia binti yake namna ya kuishi na mume na jirani ndiye aliyeweza kusikia, ndani ya wimbo wa Siti, kilio cha mwanamke aliyedhulumiwa. Sikio la mshauri lilimfanya mwandishi bora wa muziki.

Nikitazama ukurasa wa muziki wa leo hapa Kongo, ninaona unaumwa, na ugonjwa wake unajulikana. Wakongo hawahitaji maelezo juu ya libanga. Mwenye fedha analipa, mwimbaji anataja jina lake katikati ya wimbo, na wimbo ulioanza kama hadithi ya mapenzi unamalizika kama orodha ya wafanyabiashara. Upande wa waandishi tuna coupage, bahasha anayopewa mwandishi na yule anayeandikwa. Sitaki kuwatukana vijana wanaoipokea. Wengi wao hawana mshahara, au wana mshahara usiofika katikati ya mwezi, na bahasha ndiyo nauli, ndiyo bukari ya watoto jioni. Lakini matokeo yake tunayaona. Mwimbaji amelipwa na tajiri, mwandishi amelipwa na mwimbaji, na mtu pekee ambaye hakumlipa yeyote, yule aliyenunua gazeti au kufungua redio, ndiye ambaye hakuna anayezungumza naye.

Hapa ndipo barua zinapoleta dawa. Mwenye barua hana bahasha. Anachompa mwandishi ni shida yake na imani yake, na anataka jibu. Mwandishi wa muziki anayepokea barua kumi kwa wiki kutoka Panda, Shituru, Kikula na Kambove anapata bwana mwingine wa kumtumikia. Akisikiliza wimbo mpya hataishia kujiuliza kama mwimbaji atafurahi kutajwa. Atajiuliza wimbo huu unamwambia nini yule mama aliyeandika Jumanne. Ukiwa haumwambii kitu, ataandika hivyo, na atakuwa na sababu iliyo nje ya ladha yake na nje ya mfuko wake.

Ushauri nao una maradhi yake, na muziki unayatibu. Mshauri asiye na wimbo huota mimbari. Anaanza kusema na wanawake kwa sauti ya foyer social, na vijana kwa sauti ya mkuu wa kambi: vumilia, weka akiba, omba, acha pombe. Wimbo unamlazimisha kushuka. Wimbo mzuri wa mapenzi una watu wawili, kila mmoja ana haki kiasi na kosa kiasi, na wakati mwingine unakwisha bila hukumu. Mshauri aliyeusikiliza vizuri hujifunza kusubiri kabla ya kuhukumu. Kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi lilijua siri hii. Michezo yao ya Kiswahili redioni na katika televisheni ilifunza kwa kuchekesha, mlevi na mke wake wote wakapewa nafasi ya kusema, na watu wakajiona humo bila kuhisi wamepigwa fimbo.

Kuna watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, mambo ya mapenzi na ngoma, wakati mji una matatizo makubwa. Mimi nasema matatizo makubwa ya Likasi yote yalipita ndani ya nyumba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, mwaka 1991 uporaji ukafuata, na kuanzia mwaka 1992 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zililala stesheni zikingoja treni, wengine kwa miezi, na wapo waliofia pale pale. Wangapi kati yao walikuwa wameoa au kuolewa Katanga? Mtoto wa baba Mkasai na mama Msanga alikuwa wa nani? Wanasiasa walikuwa na jibu na walilitamka hadharani kwa sauti kubwa. Mji haukuwa na safu hata moja ambayo mke wa aina hiyo angeweza kuandika: mume wangu anatakiwa kupanda treni, mimi nifanye nini na watoto? Sidai kwamba safu ya gazeti ingezuia maovu yale. Nadai kwamba mji uliozoea kusoma shida za majirani kila Jumamosi, za kabila hili na lile, zikijibiwa kwa heshima ile ile, unakuwa mgumu zaidi kushawishiwa kwamba jirani si mtu.

Halafu ikaja mwaka 2003. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja akipewa fedha zake kwa mkupuo. Wanaume waliozoea kampuni iwapangie shule, hospitali na unga walijikuta na noti mkononi na miaka mbele yao isiyo na kazi. Wapo waliojenga, wapo walionunua gari likafa, wapo waliooa mke wa pili. Kila nyumba ilikuwa na mjadala ambao ungejaza ukurasa. Leo mjadala umehamia kwa wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti, ambao fedha yao huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo, na kwa wake wanaobaki mjini wakipokea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp badala ya mume. Hizo ndizo barua za siku hizi. Mwandishi hahitaji kusubiri posta. Anahitaji simu moja ya kazi, daftari, na kifua cha kutunza siri.

Mtu huyu lazima asome pia. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilirekebishwa Julai 2016, na marekebisho hayo yaliliondoa lile sharti kwamba mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya mambo yake ya kisheria. Ni nyimbo ngapi zinazopigwa katika baa zetu bado zinamwimbia mwanamke wa kabla ya 2016? Mwandishi wa muziki asiyejua sheria atausifia wimbo wa namna hiyo kwa sababu solo ni tamu. Mshauri asiyejua muziki atamnukulia mama sheria na kumwacha pale pale, akirudi nyumbani kwenye mtaa unaoimba kinyume chake kutwa nzima. Anayejua yote mawili ataandika kwamba solo ni tamu kweli, kwamba mpigaji amejifunza gumba na shahada kwa wazee, na kwamba maneno yake yanamdanganya dada aliyemwandikia wiki iliyopita, kwa sababu sheria inasema hivi. Uhakiki wa namna hiyo ndio ninaouona una faida.

Wanamuziki watakuwa na hofu, na hofu yao ina haki. Wataogopa kwamba kila wimbo utapimwa kwa mafunzo yake, kama mahubiri. "Masanga" umependwa na watu wasiojua neno la Kiswahili, na sitaki ukurasa unaosahau hilo. Karindula pia, lile banjo kubwa la pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, likianza kunguruma mtaani watu huja mbio kabla hawajasikia limesema nini. Kwa hiyo mwandishi huyu awe na sikio la kazi ya mikono. Aweze kumweleza msomaji wa Kambove kwa nini banjo lile linatetema vile, nani alilitengeneza, nyuzi zinafungwaje. Watu wanaoambiwa ukweli juu ya ufundi huamini zaidi wanapoambiwa ukweli juu ya maneno.

Narudi kwenye fedha, maana ndipo kila pendekezo la namna hii hufia. Kazi hii haiwezi kuwa ya kujitolea. Mtu anayetunza siri za mji na kukataa bahasha za wasanii lazima alipwe na chombo chake, kwa mkataba, kiasi cha kumwezesha kupanga chumba na kulipa ada ya watoto. Redio na magazeti yetu hupokea matangazo ya bia, ya simu, ya makampuni ya madini. Sehemu ya fedha hiyo ikiwekwa kwenye ukurasa mmoja wa Jumamosi, katika Kiswahili chetu cha Likasi bila kukionea haya, barua ikitangulia na wimbo ukifuata, wasomaji watakuja, na matangazo yatawafuata. Majina ya waandika barua yasichapwe kamwe. Panapohitajika daktari au mwanasheria, mwandishi aseme wazi kwamba hapa mimi nimefika mwisho, nenda kwa fulani. Na nafasi hiyo iwe wazi kwa mwanamke kama kwa mwanamume, kwa sababu karibu kila jina nililolitaja hapa kwenye upande wa kuandika juu ya muziki ni la mwanamume, na wengi wa waandika barua watakuwa akina mama.

Atakayeipata kazi hii asianze na nyota wa Kinshasa. Aanze na mama zetu wa Panda na Shituru waliokuwa wasichana wakati santuri za Mwenda zilipokuwa mpya, ambao sasa wamepita miaka themanini. Awaulize "Kijana Muke" waliusikia kwa nani, nani katika kambi alikasirika na nani alicheza, na mume alisema nini waliporudi nyumbani.